Hatua Tisa Zilizobaki: Historia ya Marehemu Fintan Delahunty, Mwashi wa Clonavarra

Baba Padri, ndugu, majirani wa Clonavarra, na ninyi nyote mliotoka mbali kuja kumsindikiza Fintan Delahunty, familia inawashukuru. Kabla sijaanza, mnaombwa mjue kwamba karatasi hii ina jambo moja ambalo marehemu aliagiza lisomwe mbele ya watu wote, akasema lisiposomwa basi asisomewe kitu chochote, na kwamba kwa siku hizi tatu nyumbani hatukuwa na sauti moja juu yake. Mwishoni tumekubaliana lisomwe. Litakuja mahali pake, kwa kufuata miaka ya maisha yake, na tunaomba lisikilizwe kwa utulivu.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumapili tarehe 9 Februari 1941, katika nyumba ya mawe iliyo kwenye kona ya barabara ya Clonavarra, wilaya ya Kilkenny, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa Laurence Delahunty, aliyejulikana na wote kwa jina la Lar, na mkewe Mary-Kate. Dirisha la chumba alichozaliwa linatazama ukuta wa watawa, ule uliozunguka monasteri tangu zaidi ya miaka mia saba iliyopita, ambao leo umebaki upande wa magharibi tu, ukiwa mpaka wa makaburi yetu, na umeandikwa katika orodha ya serikali ya majengo ya kale yanayolindwa kwa sheria. Mama yake alikuwa akisema kwamba kitu cha kwanza mtoto huyu kukiona duniani kilikuwa ukuta, cha pili kilikuwa mvua, na kwamba uso wake haukubadilika sana baada ya hapo.

Alianza masomo Septemba 1946 katika shule ya msingi ya Clonavarra, ambako wavulana wote walicheza mpira wa mkono kwa kuupiga kwenye ukuta huohuo, padri akiwafukuza kila Jumamosi na wao wakirudi kila Jumatatu. Katika mchezo wa fimbo unaopendwa na wilaya hii hakuwa hodari, na yeye mwenyewe alikiri kwamba aliwekwa golini kwa sababu ya upana wake. Alimaliza shule Juni 1954, akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu, akaingia kazini kwa baba yake, kwa kuwa Lar alikuwa mwashi wa mawe, na baba yake Lar pia, na walichoma chokaa wenyewe na kuilowesha katika shimo lililo nyuma ya nyumba, wakaiacha ikae mwaka mzima ndipo waiguse.

Tarehe 2 Machi 1959 marehemu alipanda meli kwenda Uingereza, akafanya kazi za ujenzi London kwa miaka tisa, na huko ndiko alikojifunza simenti. Aliipenda. Alizoea kusimulia jinsi ilivyokuwa ikikauka kesho yake, wakati chokaa ya baba yake ilitaka kubembelezwa wiki sita, ifunikwe magunia, inyunyiziwe maji kama mgonjwa wa homa. Alirudi nyumbani Aprili 1968, na tarehe 12 Septemba 1970, katika kanisa hili, alifunga ndoa na Breda Comerford, binti wa mfua vyuma, mwanamke mwepesi wa kucheka, aliyemwambia mbele ya wageni siku ya harusi, "Mimi nimeolewa na mwashi, lakini nyumba yake inavuja, sijui ni mwashi wa wapi." Paa lile lilitengenezwa mwaka 1974.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Diarmuid aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1972, Attracta aliyezaliwa tarehe 19 Oktoba 1975, na Eithne aliyezaliwa tarehe 8 Mei 1979, ambaye anatufuatilia sasa hivi kutoka Perth kwa kamera ya kanisa, na tunamwambia, Eithne, uko pamoja nasi. Marehemu ameacha wajukuu saba na vitukuu wawili.

Sasa tunafika mwaka 1971. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa, lakini wapo hapa wanaoukumbuka. Mwaka ule askofu aliahidi kuja mwenyewe siku ya Jumapili ya Makaburi, tarehe 25 Julai, siku ambayo kila familia inasimama kwenye kaburi lake kubarikiwa, na kila mtu anaangalia kaburi la jirani limepaliwa au la. Ukuta ulikuwa umechakaa, mawe yamelegea, mizizi imeingia katikati yake kwa urefu wa hatua arobaini. Kamati ya parokia, chini ya mwenyekiti wake Jer Holohan mwenye duka, ilimwita Fintan mwanzoni mwa Juni, ikampa wiki sita. Ukuta ulikuwa tayari unalindwa kwa sheria, haukutakiwa kuguswa bila kibali, na kibali hakikuombwa. Jer alimwambia, "Kibali kitachukua mwaka, na askofu hatakaa njiani mwaka mzima."

Wiki sita hazikutosha kwa chokaa, na Fintan hakutaka chokaa. Alikwangua chokaa ya watawa kati ya mawe, akajaza simenti, hatua arobaini, ndani na nje.

Baba yake alikuja kuangalia siku ya tatu. Watu waliokuwa wakipalilia walisikia yote, na marehemu mwenyewe alitusimulia neno kwa neno. Lar alisema, "Nani amekufundisha kuziba ukuta pua?" Fintan akamjibu, "Baba, hii ni simenti, haipitishi maji." Lar akasema, "Ndiyo ninachokuambia. Maji yatapita juu, yataingia tumboni, na umeyafungia mlango wa kutokea. Huu umesimama miaka mia saba kwa sababu unapumua, wewe juzi tu umeshuka melini unauwekea kizibo." Fintan akasema, mbele ya watu, "Hiyo chokaa yako ni ya zama za watawa, Baba." Na Lar akamuuliza, "Na ukuta ni wa nani, wa kwako?" Akachukua kofia yake, akaondoka.

Askofu alikuja, akausifu ukuta, chai ikanywewa kwenye ukumbi wa parokia kwa heshima ya Fintan, na Jer Holohan akasema katika hotuba yake kwamba watawa wenyewe wangeona wivu. Lar hakuja kwenye chai. Waliendelea kuishi nyumba mbili zinazotazamana, wakasalimiana, wakasaidiana kuvuna viazi, lakini hawakujenga tena pamoja hata jiwe moja. Lar alifariki tarehe 11 Machi 1977, na aliomba azikwe chini kabisa ya ukuta, mwisho wa kusini. Breda alipomuuliza kwa nini atake mahali penye kivuli na unyevu hivyo, alisema, "Nataka kuwa karibu, niusikie ukianza kukohoa."

Marehemu alifanya kazi ya uashi miaka thelathini iliyofuata, akajenga nyumba nyingi ambazo mnakaa ndani yake leo, na kituo cha afya, na ukumbi mpya wa shule, akastaafu mwaka 2006. Alikuwa mtu wa maneno machache, asiyekosa misa, asiyelewa, aliyependa nyama ya nguruwe na kabichi kila Jumapili na kukasirika kabichi ikiwa imeiva kidogo.

Baridi ya mwisho wa mwaka 2009 mnaikumbuka. Barafu ilikaa wiki tatu, mabomba yakapasuka, barabara ya kwenda makaburini haikupitika. Kwa desturi, shada la Krismasi la majani mabichi linalowekwa juu ya kaburi huondolewa tarehe 6 Januari, ile Krismasi Ndogo ya wanawake, lakini mwaka ule Breda hakuweza kufika. Barafu ilipoyeyuka, Ijumaa tarehe 15 Januari 2010, saa tano asubuhi, alivaa buti za Fintan, akamwambia anakwenda kuondoa shada la baba mkwe kabla majirani hawajaanza kusema, akaenda. Ukuta ulianguka hatua sita, moja kwa moja juu ya kaburi la Lar. Breda alikuwa ameinama. Alikuwa na miaka sitini na mitatu.

Hapa ndipo penye jambo aliloagiza.

Lilifanyika baraza la uchunguzi wa kifo katika ukumbi wa parokia, mwezi Mei mwaka uleule. Wataalamu walieleza kwamba maji yaliganda ndani ya ukuta, yakavimba, na barafu ilipoyeyuka ukuta ukapasuka, lakini hawakuelewa maji mengi hivyo yalizuiwa na nini, na hawakuwa na karatasi yoyote ya matengenezo, kwa sababu mwaka 1971 hakuna karatasi iliyoandikwa. Simenti waliiona, wakadhani ni viraka vya zamani vya juujuu tu. Walimwita Fintan, akiwa mjane na mwashi mkongwe kuliko wote, wakamuuliza, "Mzee Delahunty, kwa kumbukumbu zako, ukuta huu umewahi kutengenezwa na mtu yeyote?" Akajibu, akiwa ameapa, "Si kwa ninavyojua."

Marehemu ameagiza tuseme hivi: kwamba hakusahau, kwamba alisema uongo, kwamba simenti ile aliiweka kwa mikono yake baada ya kuonywa na baba yake, na kwamba Breda aliuawa na kazi ile. Barafu ilikuja tu kumalizia. Ameagiza pia tuwaambie wale waliokuwa ukumbini siku ile na waliokunywa chai ya 1971 katika ukumbi uleule, kwamba anajua mlinyamaza kwa kumwonea huruma, na kwamba huruma ile ilikuwa nzito kuliko mawe. Halaumu mtu. Kosa ni lake.

Aliishi na jambo hilo miaka mitatu na miezi mitano. Kila Jumapili watoto walikuja kumpikia, kila mwaka alisomewa misa ya mkewe, na kila mtu alimpa mkono na kumwambia pole. Mwezi Oktoba 2013 aliona ukuta umeanza kuota tumbo mwisho wa kaskazini, pale penye kijia ambacho watoto wa shule wanapita kwenda kanisani. Afisa wa mambo ya kale anayesimamia ukuta, Bi Orla Quilty, ambaye yupo nasi leo, alikuja akapima, akasema tumbo halijasogea tangu vipimo vya mwanzo, na kwamba hawezi kufungua ukuta unaolindwa kwa sababu ya wasiwasi wa mtu. Fintan alisimama pale mvuani, kisha akasema, "Si wasiwasi, mama. Ndani kuna maji. Nayajua kwa sababu ni mimi niliyeyafungia." Bi Quilty akamwambia, "Mzee wangu, ukisema hivyo nitalazimika kuandika." Akamjibu, "Andika. Ila nipe mpaka Jumapili, wanangu wasije wakasoma kabla sijawaambia."

Jumapili ile, tarehe 20 Oktoba, aliwaambia mezani, kabichi ikiwa bado inatoa mvuke. Attracta alilia. Diarmuid aliweka uma chini na kusema, "Mimi nilikuwepo ukumbini, Baba. Nilijua uliutengeneza, sote tulijua tangu utotoni. Nilidhani umesahau kwa majonzi. Miaka mitatu nimekuwa nikiwaambia watu, mwacheni mzee, amesahau." Fintan akasema, "Sikusahau." Diarmuid akavaa koti. Mlangoni alisema, "Basi tulikuwa tunakupa pole ya nini?" na hakuwahi kukaa tena kwenye meza ile. Familia imemwomba Diarmuid ruhusa ya kusoma haya. Kwanza alikataa, akasema mambo ya mama yake si ya kusomewa watu mbele ya sanduku. Jana mchana alisema tusome.

Polisi walichukua maelezo ya marehemu, na kwa umri wake faili likafungwa, jambo ambalo halikumfurahisha. Hatua thelathini na nne zilizobaki zilizungushiwa uzio, makaburi yote yaliyo chini yake yakafungwa, na ikaamriwa asizikwe mtu humo wala lisifunguliwe kaburi mpaka simenti yote itoke. Ndipo alipoomba kazi. Aliandika barua nne. Mwezi Aprili 2014 kibali kilitoka kwa jina lake, chini ya usimamizi wa Bi Quilty, kwa masharti magumu: tindo na nyundo tu, mashine yoyote ni marufuku, kila jiwe lipigwe picha kabla halijaguswa, chokaa tu irudishwe, na kazi ifanyike kati ya Mei na Septemba, kwa kuwa chokaa changa haivumilii baridi. Alikuwa na miaka sabini na mitatu. Alifungua tena shimo la baba yake nyuma ya nyumba.

Alianzia kaskazini, kwenye kijia cha watoto. Attracta alimuuliza kwa nini asianzie kusini, kaburini, ili afike mapema kwa mama yao. Alijibu, "Mama yako hapiti tena pale. Hawa wanapita."

Kwa majira kumi ya joto alitoa simenti yake mwenyewe kwa tindo, hatua tatu mwaka mzuri, hatua mbili mwaka mbaya, akiwa amepiga magoti juu ya gunia, na alikuwa akisema kwamba ingekuwa kazi ya mtu mwingine angemsifu, kwa sababu ilishika vibaya sana. Wengine mlimletea chai kwenye chupa. Wengine mlipita upande wa pili wa barabara, naye alisema mna haki. Jer Holohan, kabla hajafariki mwaka 2016, alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu mpaka kwenye uzio, akasema, "Fintan, yule askofu hata hakuangalia ukuta, alikuwa anaangalia saa." Ndiyo siku pekee watu waliyomsikia marehemu akicheka mahali pale.

Kikohozi kilianza mwaka 2019. Mwezi Machi 2021 madaktari waligundua vumbi la mawe limekausha mapafu yote mawili, wakamkataza kazi. Alikubali mbele yao, na mwezi Mei alirudi ukutani, akiwa amefunga kitambaa mdomoni, akipiga nyundo mara tano na kupumzika. Mwaka 2023 alimaliza hatua ya ishirini na tano. Mwaka huu Mei alibebewa kiti mpaka kusini, akaanza hatua ya ishirini na sita, akatoa simenti ya urefu wa kiganja, na hakuweza kuinuka. Tangu Agosti alilala kitandani kwa Attracta, akipumua kwa mashine, kitanda kimegeuziwa dirishani. Hali ilibadilika tarehe 1 Novemba, akapewa mpako wa wagonjwa, na alfajiri ya Jumanne tarehe 5 Novemba 2024 alifariki, akiwa na umri wa miaka themanini na mitatu. Attracta alikuwa amemshika mkono. Diarmuid alikuwa njiani kutoka Dublin, na alifika saa moja baadaye.

Ndugu waombolezaji, wengi mmeuliza kwa nini leo hatuelekei kwenye kaburi la familia. Breda amelala na Lar mwisho wa kusini, na kando ya pengo la zile hatua sita zilizoanguka zimebaki hatua tisa za simenti. Amri ya uzio bado ipo, ile iliyotokana na maneno ya marehemu mwenyewe, na Bi Quilty alilia alipotuambia hawezi kuivunja, nasi hatukumwomba aivunje, kwa sababu marehemu alituambia tusiombe. Alijua tangu mwaka 2013 kwamba akisema kweli, na asipomaliza kazi, hatalala kwa mkewe. Kwa hiyo atazikwa katika makaburi mapya, ng'ambo ya barabara. Kibali kilikuwa kwa jina lake na kimekwisha pamoja naye.

Mbele ya altare, kama ilivyo desturi yetu, vitaletwa vitu vitatu vya maisha yake, nyundo, kofia, na kipande cha simenti alichokitoa siku ya kwanza, ambacho alikiweka jikoni juu ya dirisha miaka yote kumi. Attracta ataleta nyundo. Diarmuid aliombwa alete kofia. Jana alipoiona mezani aliiacha hapohapo, akakipima kile kipande mkononi, akasema, "Hiki nitabeba mimi," na akamuuliza Bi Quilty barua ya kuomba kibali huandikwa kwa nani. Hatujui zaidi ya hapo, na hatukumuuliza.

Familia inamshukuru Daktari Hanrahan na wauguzi waliokuja nyumbani kila siku bila kuchoka, majirani walioleta viti, chai na mikate, waliochimba kaburi kwenye udongo huu wa mawe, waashi wenzake waliokuja kutoka Callan na Thomastown, Bi Quilty aliyempimia kila jiwe, Baba Padri aliyemsikiliza, na ninyi mliopita ng'ambo ya barabara na leo mmekuja.

Fintan, leo tunakulaza mbali na Breda, umbali wa barabara moja na hatua tisa. Pumzika kwa amani hapo ulipo, mpaka ukuta utakapofunguliwa.